Mfumo wa mafuta wa kujitengenezea katika injini iliyoongezewa nguvu: lipi la lazima, lipi la ziada

Injini ikishafungwa turbo kubwa kuliko iliyokusudiwa, au ikifungwa turbo ilhali haikuwa nayo kabisa, swali la mafuta haliepukiki. Wapo wanaoshikilia kwamba mfumo wa kiwandani ung'olewe wote, kuanzia pampu iliyo ndani ya tangi hadi reli ya nozeli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, yaani vali ndogo zinazoyapuliza kwenye injini), na mahali pake pajengwe mfumo mpya wenye pampu za nje, tangi dogo la akiba na mabomba mapana. Wengine husema pampu yenye uwezo zaidi, ikiwekwa palepale ilipokuwa ya zamani na kuongezewa nozeli kubwa, inatosha, na kwamba yanayobaki ni mapambo ya kuonyeshana boneti inapofunguliwa. Kila upande una hoja. Ila pande zote mbili huzungumzia mno ukubwa wa vifaa na hugusia kidogo tu jambo linaloamua ni mafuta kiasi gani yataingia katika silinda, yaani tofauti ya presha kati ya mafuta yaliyo nyuma ya nozeli na hewa iliyo mbele yake.

Tuanze na hesabu. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, injini ya petroli yenye turbo huhitaji kama kilo 0.36 za mafuta kwa saa kwa kila kilowati inayozalishwa. Nguvu farasi 400 ni karibu kilowati 300, kwa hiyo injini ya nguvu hizo ikikanyagwa hadi mwisho itataka kilo 108 kwa saa, ambazo ni lita 145 hivi. Ikiwa ina silinda nne, na nozeli haziruhusiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, kila nozeli itapaswa kutoa karibu sentimita za ujazo 750 kwa dakika. Mtu akiweka hesabu hiyo mbele ya pampu inayouzwa kwa jina la lita 255 kwa saa, ataona kwamba wanaotetea mabadiliko madogo wameshinda mapema, kwani pampu moja ndani ya tangi inakidhi mahitaji na kubakiza.

Hata hivyo, lita 255 hizo hupatikana kwenye presha fulani na volti fulani tu. Presha ikipanda, pampu hutoa kidogo zaidi. Volti ikishuka, hali kadhalika. Waya wa kiwandani ulichaguliwa kwa ajili ya pampu ndogo, na pampu kubwa ikiufanya ubebe mkondo mzito, sehemu ya volti za alteneta hupotelea njiani kabla ya kuifikia. Ndiyo maana rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu na betri hiyo, mara nyingine huleta faida kuliko pampu ya pili. Kazi hii haina fahari yoyote, na labda kwa sababu hiyohiyo huachwa hadi mwisho.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka kujenga upya inahusu regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana bomba la kurudisha mafuta. Regyuleta imo ndani ya tangi na hushikilia presha isiyobadilika, mara nyingi karibu bar 4, bila kujali kinachotokea kwenye manifoldi, njia inayopeleka hewa kwenye silinda. Mpangilio huo una sababu nzuri, kwani mafuta hayapelekwi kwenye joto la injini na kurudishwa tangini yakiwa ya moto, hivyo mvuke hupungua. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe haudhuru. Turbo ikisukuma hewa kwa bar 1.5, nozeli hiyohiyo inabakiwa na tofauti ya bar 2.5 tu, na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha, uwezo wake hushuka kwa takriban asilimia 21, tena wakati uleule injini inapohitaji mafuta mengi kuliko wakati mwingine wowote. Regyuleta iliyounganishwa na manifoldi, yenye bomba la kurudisha mafuta, hupandisha presha ya reli bar kwa bar pamoja na turbo, na tofauti hubaki ileile.

Kuna jibu la upande wa pili, nalo si dhaifu: kompyuta ya injini inaweza kufidia upungufu huo kwa kuziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi, mradi ina sensa ya presha na nozeli zina nafasi. Mimi ningeukubali ufidiaji huo kwa turbo ya presha ndogo. Presha inapozidi bar 1, naona ni salama zaidi kulitatua tatizo kwa regyuleta kuliko kuliegemeza kwenye programu, kwa sababu mchanganyiko ukikosa mafuta chini ya mzigo mkubwa injini huanza kugonga, na pistoni huharibika kabla dereva hajafahamu kilichotokea.

Tangi dogo la akiba ni habari nyingine. Huwa na lita mbili au tatu, hujazwa na pampu ya tangi kuu na hulisha pampu ya presha kubwa, ili mafuta yakikimbilia upande mmoja katika kona ndefu, injini isivute hewa. Kwa gari la mashindano hoja hiyo haina mpinzani. Kwa gari la barabarani ambalo tangi lake lina kikapu kizuri cha kushikia mafuta, linaongeza pampu, viungio na kelele, na kila kiungio ni mahali pengine pa kuvuja. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo tangi la akiba lililowekwa kwenye buti bila ukuta wa kulitenga na abiria ni kosa lisilo na utetezi. Vilevile pampu ya kuongeza isiyozimwa na kompyuta injini inapozimika itaendelea kumwaga mafuta baada ya ajali.

Anayekusudia kutumia E85, mafuta yenye ethanoli nyingi na petroli kidogo, ana sababu zaidi ya kujenga, kwa kuwa uwiano wake wa hewa na mafuta ni karibu 9.8 kwa 1, ilhali petroli ni 14.7 kwa 1. Ujazo unaohitajika huongezeka kwa theluthi moja au zaidi, na mabomba ya mpira wa kawaida hayahimili ethanoli kama ya tefloni. Kwa injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pampu ya presha kubwa huendeshwa na kemshafti na hufikia bar 150 hadi 200 au zaidi. Huko hakuna cha kujitengenezea kwa mpira na klipu, na wengi huishia kuongeza nozeli za pili kwenye manifoldi.

Kabla ya kununua chochote, sensa ya presha ifungwe kwenye reli na irekodi pamoja na presha ya manifoldi. Tofauti ikipungua kadiri turbo inavyopanda, huku presha ya reli ikiwa imetulia, kinachotakiwa ni regyuleta. Presha ya reli yenyewe ikishuka kadiri mizunguko inavyoongezeka, zikaguliwe waya, chujio na pampu, kwa mpangilio huo. Ikianguka ghafla kwenye kona na kurudi gari linaponyooka, hapo tangi la akiba limepata kazi ya kufanya.