Miche haipandwi saa nne asubuhi, jamani

Juzi jirani kaleta fundi bustani. Saa nne asubuhi, jua la Dar la mwezi wa tatu, bwana yule anang'oa miche ya nyanya kitaluni na kuichomeka kwenye tuta kavu, eti mambo ya heri hufanywa asubuhi. Kufika saa saba yote imelala chini. Akapendekeza nini? Dawa ya wadudu. Ambayo, kwa bahati njema, anaiuza yeye mwenyewe.

Mche ukiung'oa, mizizi membamba inayonyonya maji ndiyo inayokatika kwanza. Majani hayana habari. Jua likiwaka yanaendelea kupoteza maji kupitia vitundu vyake, huku chini kinachoingia ni kidogo mno. Sasa pandikiza saa kumi na moja jioni: jua linazama, vitundu vinajifunga, joto linashuka, na mche una usiku mzima wa kushika udongo. Usiku wetu huku ni wa saa kumi na mbili hivi, Januari mpaka Desemba. Bure! Na Dar jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Mwanzoni mwa Machi, yaani pale pale watu wanapohangaika na matuta wakisubiri masika.

Bibi yangu alikuwa hagusi miche kabla ya kuswali alasiri. Analowesha kitalu kwanza, anaung'oa mche na bonge lake la udongo, kisha anaufunikia makuti siku mbili tatu. Shule ya kilimo hakuiona.

Haya, sota, yule kiwavi wa udongoni, hutoka usiku kukata miche. Lakini atatoka usiku huo huo hata ukipanda alfajiri. Ugonjwa wa ukungu? Mwagilia shinani, acha kuogesha majani. Bamia na mchicha wa kusia, saa yoyote. Mbegu iliyofukiwa haina jani la kunyauka. Watu wa Lushoto na Njombe, na mawingu yenu, pandeni mtakavyo. Na nyie mnaopanda kwa kufuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, leo sina nguvu ya kubishana.

Kinachoniuma ni mama anayenunua miche kwa hela ya kubana matumizi, ikinyauka anaambiwa ana mkono mbaya. Hana mkono mbaya wowote. Kapandiwa juani na mtu anayetaka kuwahi kuondoka saa tisa.