Kumuongeza muuguzi mmoja ni kuajiri watano

Kila ikitangazwa ajira mpya za wauguzi Unguja na Pemba tunafurahi, na ni haki yetu. Lakini idadi inayosomwa siku hiyo haimwambii mgonjwa kitu. Swali lake ni moja tu: saa nane za usiku, kwenye wodi aliyolala, muuguzi mmoja anaangalia watu wangapi?

Wiki ina saa 168. Muuguzi akifanya kazi saa 40, nafasi moja isiyoachwa wazi usiku na mchana inataka watu 4.2. Tia likizo, maradhi, uzazi na mafunzo, unafika watano. Kwa hivyo hospitali yenye wodi nne ikipelekewa wauguzi 20, kila wodi imepata mtu mmoja wa ziada kwa zamu. Hapo bado hujawatoa waliostaafu.

Mtu mmoja si haba, lakini angalia wodi ya kujifungulia. Mama akishashikwa na uchungu hasa, kila nusu saa mkunga aweke mkono tumboni ahesabu uchungu kwa dakika 10 kamili, na humo humo asikilize moyo wa mtoto kwa dakika nzima na apime mapigo ya mama. Kina mama watano ni dakika 50 za kazi ndani ya kila dakika 30. Haiingii, hata mkunga awe hodari vipi. Na hapo hajazaa mtu! Akizaa mmoja, mtoto akaushwe na aangaliwe pumzi, kondo litoke, kisha kwa saa ya mwanzo tumbo la mama lipapaswe kila dakika 15 kuona kama fuko la uzazi limekaza, maana ndio wakati wa damu kumwagika. Wale wanne wanasikilizwa na nani?

Ndipo patografu, ile karatasi ya kuchora mwenendo wa uchungu na moyo wa mtoto, inapojazwa baadaye, kwa mkupuo mmoja. Ukikuta moyo wa mtoto umeandikwa 140, 140, 140, wino ule ule na mwandiko ule ule, usikimbilie kusema mkunga mvivu. Huenda karatasi inakwambia hapakuwa na mtu. Ubaya wake ni kuwa daktari akija anauona mstari umenyooka, anatulia.

Kifafa cha mimba ndio kibaya zaidi. Kabla ya kila dozi ya magnesiamu salfeti, sindano ya kuzuia kifafa hicho, kila saa 4, muuguzi ahakikishe pumzi hazijashuka chini ya 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Akizidiwa, ama dozi inarukwa na kifafa kinarudi, ama sindano inapigwa bila ya kupima na pumzi zinaweza kukatika. Jamaa aliyelala chini ya kitanda anamkosha mgonjwa na kumlisha, Mungu amlipe, lakini vipimo hivyo si kazi yake.

Marekani walishalipima jambo hili. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, katika hospitali za Pennsylvania, ulionesha kuwa kila mgonjwa wa upasuaji anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30.

Wapo watakaonijibu kwa mradi wa PartoMa wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja: mwongozo mfupi wa mfukoni na mafunzo, na watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Kazi nzuri sana, na haikuwa ya kuongeza wafanyakazi. Ila 39 bado ni wengi mno, na mwongozo haumpi mtu mikono minne.

Nafasi zikisubiriwa, yapo ya kufanya. Kila wodi iwe na ubao: wagonjwa wangapi, mahututi wangapi, wauguzi wangapi zamu hii. Mhudumu ndiye afuate damu na dawa stoo, si mkunga. Na kiwekwe kiwango cha maandishi: kina mama wa uchungu wakizidi watatu kwa mkunga mmoja, kiongozi wa zamu anampigia simu mkunga wa akiba, bila ya kungoja ruhusa ya mtu aliyelala nyumbani. Mkunga huyo alipwe posho yake mwezi ule ule, la sivyo mara ya tatu hapokei.