Tuiteni kabla wino haujakauka

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha wadau, hoteli moja huku Nyali, kuupitia mtaala mpya wa shahada ya hisabati wa chuo kikuu kimoja. Nilifurahi kweli. Nimesoma hisabati, na miaka hii yote nimekula kwa hisabati. Nilipofika nikapewa kitabu kilichokwisha kujalidiwa, kurasa mia na ushei, pamoja na karatasi ya mahudhurio. Saa nne tukaanza, saa saba tukaitwa kwenye biriani. Hapo katikati sisi waajiri tuliulizwa swali moja tu: mna maoni? Bwana wa benki akasema vijana wafundishwe Excel. Bi wa bima akasema wafundishwe kujieleza. Yakaandikwa. Nami nikatia sahihi, na sahihi ile inaniuma hadi leo, maana itakwenda Nairobi, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kuthibitisha kwamba waajiri walishirikishwa.

Sisi tulikaribishwa kwenye arusi, posa hatukuijua.

Mimi napanga malori katika yadi ya makontena, upande wa Changamwe. Mwaka jana alikuja kwetu binti wa mwaka wa tatu kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Wakati huo foleni ya langoni ilikuwa inafika barabara kuu, madereva na utingo wanagombana juani, na meneja ameshaamua kwamba makarani ni wavivu. Hoja yake ilionekana haina pingamizi: lori huja kila baada ya dakika 12, kulihudumia ni dakika 10, foleni yatoka wapi?

Nikampa yule binti swali hilohilo. Akachukua wastani, akasema foleni haifai kuwepo. Nikamuuliza kama wamesoma nadharia ya foleni. Wamesoma, na alipata A. Lakini aliisoma kwa herufi za Kigiriki ubaoni, na hakuna aliyewahi kumwonyesha lori.

Siku ya pili akarudi na daftari lake la chuoni. "Mjomba, nimeona. Ikiwa malori yaja ovyo na muda wa kuhudumiwa nao wabadilikabadilika, kila lori litakaa hapa saa nzima, kwa wastani." Nikamwambia arudie. Akarudia, ikatoka ileile: dakika 60. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi mwenyewe, na shahada yangu, sikuwa nimelipigia hesabu: tukipunguza dakika moja tu, huduma iwe dakika 9, ile saa inashuka hadi dakika 36. Dakika moja! Karani hakuwa mvivu. Lango lilikuwa limeelemewa, na lango lililoelemewa halihitaji kosa la mtu ili foleni irefuke.

Tukakaa naye langoni na daftari na saa. Tukaona malori hayaji ovyo kama kitabu kinavyodhani, yanakuja kwa mafungu, na hapo foleni huzidi hata hesabu yake. Tukahamisha ukaguzi wa karatasi, ufanywe lori likiwa bado nje. Foleni haikuisha, lakini barabara kuu haiifikii tena.

Hicho ndicho mwajiri anachoweza kuleta kwenye mtaala: swali lenye vumbi lake, na takwimu zake zilizochafuka, ambazo nusu zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Orodha ya programu za kompyuta si mchango. Nadharia yenyewe ya foleni ilizaliwa kazini. Agner Krarup Erlang alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu ya Copenhagen alipochapisha makala yake ya kwanza kuhusu wingi wa simu, mwaka 1909. Mwaka mmoja kabla yake, William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alichapisha njia ya kupima kwa sampuli ndogo ambayo kila mwanafunzi wa takwimu anaifahamu. Na kabla ya hapo mwajiri wake alimpeleka London akae chuoni na Karl Pearson, bingwa wa takwimu. Kiwanda kilitoa swali, chuo kikatoa zana, na mtu mmoja akatembea baina yao.

Wahadhiri wanaogopa kwamba tukiingia tutageuza shahada kuwa kozi ya ukarani. Shingo upande, nakubali kwamba wana haki ya kuogopa. Hapa bandarini, aliyejifunza mfumo wa Simba wa forodha akadhani amefika, ulipokuja mfumo mpya wa iCMS kushika nafasi yake alianza upya. Kwa hiyo msiguse uthibitisho, wala uwezekano, wala aljebra. Yule binti aliweza kuona pale kitabu kinapoachana na lango letu kwa sababu alijua fomula imetoka wapi.

Na sisi waajiri tuna dhambi zetu. Tunalalamika vijana hawajui kazi, na wakija kwa atachimenti tunawatuma chai na fotokopi. Tukiombwa takwimu tunasema ni siri ya kampuni. Nini siri katika saa ambayo lori limepita langoni? Minada ya chai iko hapahapa Mombasa, meli zinaingia Kilindini usiku na mchana, feri ya Likoni ina foleni kila alfajiri, na bado watoto wetu wanafanya mazoezi ya mipira myekundu na myeusi ndani ya mfuko. Jambo hili linanisikitisha kutoka moyoni.

Daftari la langoni liko kwenye droo ya meza yangu, wiki sita, kila lori na saa yake. Nimefuta namba za usajili na majina ya madereva, na meneja ameniruhusu. Jumatatu nilimwandikia mkuu wa idara kwamba nitalipeleka mwenyewe, na kwamba mhadhiri yeyote anayetaka kuja kusimama langoni na wanafunzi wake, viatu vya usalama na fulana za kung'aa vipo.