Kasuku Mmoja Ananitosha

Mita ya stima nyumbani kwetu hulia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tokeni kukaribia kuisha. Ya pili ni Sultani kuona kila mtu ana shughuli zake na hapana anayemsemesha. Mlio ni ule ule, tit, tit, tit, na mbio za kutafuta simu ni zile zile. Mwezi uliopita nilinunua tokeni za shilingi mia tano, kumbe mita ina yuniti tele. Nilipogeuka nikamkuta ndege amenikazia jicho moja, kichwa kakiinamisha upande, kama kondakta asiyetaka kurudisha chenji.

Sultani ni kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Nilipoolewa mwaka 2012 nilimkuta kwa mume wangu, naye aliachiwa na mfanyakazi mwenzake aliyehama nchi. Ndege hawa huchagua mtu mmoja wakamfanya wa kwao, na mtu huyo hakuwa mimi. Nikikaa karibu na mume wangu kwenye kochi, Sultani alikuwa akishuka tunduni, anatembea sakafuni kwa ule mwendo wao wa kujitupa huku na huku, hadi anifikie kidole cha mguu. Mawifi zangu walikuwa wakinipigia simu kuuliza, "Mke mwenzio hajambo?"

Walidhani wanatania. Kasuku dume na jike wa aina hii huwezi kuwatofautisha kwa macho. Mtu akitaka uhakika hupima DNA ya unyoya au damu. Sisi tulipata uhakika wetu mwaka 2021, nilipookota yai kwenye gazeti chini ya tundu. Jina halikubadilika. Kilichobadilika ni mazungumzo ya watu wanaotutembelea. Mama mkwe alisema neno moja tu: "Muozeni." Jirani akasema mtoto wa watu anazeeka mpweke, na dhambi ni yetu.

Tangu hapo swali la nyumba hii limekuwa kasuku wangapi. Nimelifikiria kuliko nilivyofikiria idadi ya watoto, na jibu langu ni mmoja, huyu huyu, na asiongezeke.

Najua hoja ya upande wa pili na ina nguvu. Kasuku ni ndege wa kundi. Porini hulala mamia kwenye miti mirefu, huruka pamoja kwenda kula chikichi, hujibizana mchana kutwa. Kumweka mmoja peke yake ni kumnyima jambo ambalo hata chakula kizuri hakilipi. Uswisi wameliandika kwenye sheria zao za kulinda wanyama: kasuku hafugwi bila mwenzake. Na mwenye kutaka kuona upweke unavyomfanya ndege, amtazame aliyejinyonyoa. Nimewahi kumwona mmoja katika nyumba moja mjini, kifua kitupu kama kuku aliyetiwa maji ya moto, kichwa peke yake ndicho chenye manyoya kwa sababu mdomo haufiki kichwani. Alikuwa na tundu kubwa la bei, na alizeti zimejaa kibakuli. Wenyewe walikuwa kazini toka saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku.

Watu wengi wakishaona hivyo husema basi aletewe wa pili. Mimi nauliza, wa pili anatoka wapi?

Mwaka jana mtu alinipigia. Alisema anaye, mchanga, ametoka Kongo kupitia Uganda, na karatasi "tutaangalia baadaye". Kasuku wa porini hunaswa kwa ulimbo. Hupakwa matawini, pengine na kasuku mwingine aliyefungwa pale kama chambo, wenziwe wakiitika wito wanatua na kugandia. Kisha ni masanduku na safari, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kule Johannesburg, nchi zilikubaliana kumwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani wa porini asiuzwe tena nje kibiashara. Kwetu Kenya makao yake ya asili ni msitu wa Kakamega, na huko wamebaki wa kuhesabika. Kumfuga bila kibali ni kosa. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilipotoa msamaha wa miezi mitatu mwaka 2022 ili wenye kasuku wajitokeze, mume wangu alijitokeza mapema, kwa woga zaidi kuliko uadilifu, na leo Sultani ana karatasi zake. Sasa nimtafutie mwenziwe aliyenaswa kwa wito wa ndege mwingine, eti nimwondolee huyu upweke? Upweke nitakuwa nimeuhamisha tu.

Tuseme amepatikana halali, amezaliwa tunduni, ana karatasi. Bado hakuna anayekuhakikishia kwamba watapatana. Kasuku hawaozwi kama tunavyodhani; huchaguana, na wasipochaguana huumana, na mdomo unaopasua kokwa ya chikichi haushindwi na kidole cha mwenzake. Wakipatana nako, wewe mwenye nyumba umebaki mtumishi wa kubadilisha maji. Mume wangu, naona, hilo linamtisha kuliko yote.

Kisha wanafundishana. Mwaka 2020 kituo kimoja cha wanyama huko Lincolnshire, Uingereza, kilipokea kasuku watano wa kijivu kwa wakati mmoja, wakawekwa chumba kimoja cha karantini. Walikuwa na matusi yao kila mmoja alikotoka. Kituo kilipowatoa mbele ya wageni, walikuwa wakitukana na kuchekeana, kila tusi na kicheko chake, ikabidi waondolewe machoni pa watu. Mimi mlio mmoja wa mita unanitia hasara.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaifanyi. Kasuku wa kijivu akitunzwa hufika miaka 40, pengine 60. Mimi nina 41, Sultani yuko kwenye kumi na tano hivi. Kwa hiyo huyu ni mirathi. Tuliwauliza watoto mezani nani atamchukua. Binti akasema hataki, kijana wa miaka kumi akasema yeye, kwa sharti apewe na runinga. Nimempata mrithi mmoja wa ndege mmoja. Wa pili ningemrithisha nani?

Na kazi yenyewe ya kila siku hailingani na watu wanavyoiona kwenye video. Ndege hawa hutoa unga mweupe kwenye manyoya, kama poda ya mtoto. Nafuta runinga asubuhi, alasiri naweza kuandika jina langu juu ya kioo. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu isithubutu. Vikaango vya kisasa visivyoshika chakula nilivigawa vyote, kwa sababu vikipata moto kupita kiasi moshi wake huua ndege kwa dakika chache. Parachichi ni sumu kwake. Alizeti tupu kila siku zitamnenepesha na kumkosesha madini ya mifupa. Anapata mchicha, mahindi ya kuchemsha, papai, na pilipili kali anazozila kama zabibu maana ndege hausikii ule ukali. Lile gamba jeupe la ngisi linaloletwa na maji pwani naliokota Nyali, nalichemsha, nalianika, namfungia kwenye fito za tundu alitafune apate chokaa. Vyote hivi kwa wawili ni mara mbili, ila saa za kukaa naye hazizidishwi. Mimi nafanya kazi nyumbani, cherehani iko sebuleni, tunashinda pamoja. Ndiyo sababu pekee inayonipa ujasiri wa kusema mmoja. Kama ningekuwa natoka asubuhi narudi usiku, jibu langu lingekuwa sifuri, na nadhani ndilo jibu la nyumba nyingi mjini, hata zile zenye uwezo.

Wale kasuku wadogo wa Australia wanaouzwa wawili wawili siwasemei sana. Hao kweli wasiwe chini ya wawili, lakini ukiwawekea kisanduku cha kutagia, baada ya miezi utakuwa unawagawia majirani kama vifaranga.

Mwaka huu nilionjeshwa kukaa na kasuku wa kijivu wawili. Rafiki yangu wa Bamburi alikwenda umra, akaniachia wake, naye ana kibali. Daktari wa mifugo alinionya nisiwakutanishe, kuna magonjwa ya kasuku ambayo hata binadamu huyapata, hivyo mgeni akakaa chumba cha watoto, mlango umefungwa, wiki tatu. Hawakuonana hata siku moja. Lakini tangu siku ya pili waliitana kupitia ukuta, huyu akipiga mluzi yule anaumalizia, na Sultani akaacha kabisa kunifuata miguu. Sitasema uongo, moyo ulinilainika. Usiku ule nilimwambia mume wangu pengine mama yake alikuwa na haki. Akasema, "Lala."

Mgeni akarudi kwao. Sultani alinyamaza siku mbili, ya tatu akala, ya nne akaniuma.

Wiki iliyofuata rafiki yangu akapiga simu alfajiri. "Mwenzangu, hii stima ina nini? Nimetia tokeni za elfu nzima jana, na mita inalia tangu nimalize kuswali."

Nikamuuliza mita yake iko ndani au iko nje.

Akanyamaza kidogo. "Iko nje," akasema.