Haraka ilikuwa baharini, ucheleweshaji nchi kavu

Tangu Julai 2022, Kinshasa ilipowaita wawekezaji kugombea maeneo 27 ya mafuta na matatu ya gesi ya Ziwa Kivu, hapa Goma mabishano ni yale yale. Wenye hofu hutaja Ghana: walikimbilia mafuta ya Jubilee, yaliyo chini ya bahari, wakajikwaa, nasi tusiwaige. Hofu yao naielewa. Mji uliokimbia volkano 2002 na tena 2021, ambako mama hukataza watoto kushuka alfajiri kwenye mabonde yenye mazuku, hewa ya kaboni dayoksidi inayoua, una haki ya kuogopa gesi. Ila mfano wa Ghana wameushika kwa upande usio wake.

Jubilee iligunduliwa Juni 2007, mafuta yakatoka Novemba 2010, kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Waliwezaje? Hawakuruka hatua, walizipeleka sambamba. Hawakuunda meli mpya ya kuchakata na kuhifadhi mafuta. Walichukua iliyokuwa ikibeba mafuta wakaigeuza Singapore, na kazi hiyo ilianza kabla serikali haijaidhinisha mpango mzima mwaka 2009. Awamu ya kwanza ilikuwa na visima 17 tu, ili hivyo vifundishe kilichopo chini kabla ya kuchimba vingine. Hiyo si pupa. Ni fundi wa mtaa wetu wa Himbi anayeagiza mbao na mabati wakati mawe ya msingi bado yanapasuliwa.

Kuna bei waliyolipa, sikatai. Mwaka 2011 visima vilitoa chini ya mapipa 120,000 kwa siku yaliyotarajiwa, ikabidi visafishwe kwa asidi. Mwaka 2016 beringi kubwa inayoiwezesha meli kugeuka na upepo iliharibika, uzalishaji ukasimama kwa muda. Yote mawili yalipatiwa dawa.

Kilichowaumiza Waghana wa kawaida ni kingine, nacho nakirudia kila ninapopata nafasi. Mafuta ya Jubilee hutoka pamoja na gesi. Bomba la kuileta pwani na kiwanda cha kuisafisha, kule Atuabo, havikupewa haraka ile ya baharini. Kiwanda kilianza kazi mwishoni mwa 2014. Miaka minne! Gesi ikarudishwa chini ya mwamba, nyingine ikachomwa hewani. Na katikati ya miaka hiyo, Agosti 2012, nanga ya meli iliharibu bomba linaloleta gesi kutoka Nigeria, mitambo ya umeme ya Ghana ikakosa chakula. Watu wakauita mgao ule dumsor, yaani zima-washa. Mama anauza samaki waliooza kwenye friji iliyozimika, na gesi ya nchi yake inasukumwa kurudi ardhini. Hata sheria ya kusimamia mapato ilipitishwa 2011, mafuta yakiwa yameshaanza kutoka. Sasa niambieni, haraka iko wapi hapo? Waliokimbia walifika. Waliotembea ndio waliowaacha watu gizani.

Na kusubiri nako si bure. Uganda ilithibitisha mafuta yake ya Ziwa Albert mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya Ghana. Uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha ukatangazwa Februari 2022. Sisi bei ya kusubiri tunaiona barabara ya Kibati kila asubuhi: chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, magunia sita ya makala (makaa), kijana kifua wazi akiuzuia mteremko kwa kisigino. Makala mengi hayo ni miti ya hifadhi ya Virunga.

Hata hivyo Kivu si Jubilee, na hapa wenye hofu wana hoja nzito kuliko yangu. Ziwa limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksidi na 60 za methani, zimebanwa chini na uzito wa maji yaliyojipanga kwa tabaka. Kuchimba ni kupandisha maji ya kilindini, kuyatoa gesi, kisha kuyarudisha. Ukiyarudisha kwenye tabaka lisilo lake unachezea kifuniko. Ziwa Nyos, Kameruni, lilipofoka mwaka 1986 liliua watu zaidi ya 1,700, nalo ni dogo mno mbele ya Kivu. Kisima kikiziba utakisafisha kwa asidi. Tabaka zikivurugika hakuna fundi wa kuzipanga upya. Kina cha kurudishia maji, basi, kisiamuliwe na kalenda ya mwekezaji.

Lakini nguzo, transfoma, bei ya umeme, sheria ya mgawanyo wa mapato na makubaliano na Rwanda havigusi tone la ziwa. Hayo ndiyo ya kukimbiza. Majirani wa Karongi, Rwanda, walianza na mtambo mmoja unaoelea wa kuvuna gesi ya ziwa, inayowasha umeme wa megawati 26 nchi kavu, uliozinduliwa 2016. Mimi ningeanza na nyaya za umeme za mitaa ya Ndosho na Majengo, halafu ndipo mtambo wetu uelee: mmoja, maji yake yapimwe misimu kadhaa, na namba zibandikwe hadharani pale soko la Kituku kabla ya kuagiza wa pili.