Utando wa plasma na samaki wa Kisumu: uzito ndio hoja, ama unyevu?

Kuna watu wanasema tukipata sensa, yaani vifaa vidogo vya kunusa samaki aliyeoza, zilizopakwa polima (kitu cha molekuli ndefu kama plastiki) kwa plasma, basi mambo ya kuuziwa samaki ameharibika hapa Kisumu yataisha. Mimi naipenda hii teknolojia kabisa, lakini hapo wanakimbia sana.

Inafanywa hivi: kifaa kinawekwa ndani ya chemba, pampu inavuta hewa karibu yote, unaingiza mvuke wa kemikali halafu unawasha stima ya frikwensi ya redio, kawaida megahezi 13.56. Gesi inang'aa, hiyo ndiyo plasma, molekuli zinavunjika zinaungana upya juu ya kifaa, unapata utando mwembamba ajabu, wa nanomita tu. Hakuna kiyeyusho, utando unashika glasi na dhahabu vizuri, na unene wake ni sawa kila mahali. Ukidondosha polima kwa pipeti inakauka pembeni nene, katikati nyembamba, sasa sensa mbili za siku moja zinasoma tofauti. Hapo plasma imeshinda, sibishani.

Kupima nako: utando unapakwa juu ya kristali ya kwatzi inayotetemeka mara milioni 5 kwa sekunde (megahezi 5), ikibeba nanogramu kama 17.7 kwa kila sentimita mraba, frikwensi inashuka hezi 1, hii hesabu mwanafizikia Mjerumani Sauerbrey aliitoa 1959. Samaki akioza anatoa amonia na gesi za jamii yake ziitwazo amini, utando wenye asidi unazinasa, unasoma uzito.

Shida ni kwamba asidi hiyo hiyo inapenda maji, na kristali haijui maji ni maji, yenyewe inapima uzito tu. Sasa enda Dunga, ufuo wa samaki hapa Kisumu, asubuhi, barafu inayeyuka, meza zimelowa, hewa ya ziwa imejaa unyevu, hiyo sensa itapiga kelele hata mbuta akiwa ametoka kwa mtumbwi saa hiyo. Unaweza kuweka kristali ya pili yenye utando usiojali amonia halafu utoe tofauti, inasaidia, lakini haimalizi. Tena ukiongeza nguvu ya plasma utando unakuwa imara lakini vikundi vya asidi vinavunjika, ukipunguza vinabaki ila utando unalegea kwa maji. Na hata ule imara unaendelea kushika oksijeni ya hewa wiki baada ya wiki, kwa hivyo usomaji unahama pole pole.

Bei ya chemba na pampu wengi wanailalamikia, mimi hainitishi, mzunguko mmoja unapaka kristali nyingi, maabara moja ya chuo hapa magharibi ingetosha.

Mama wa samaki anafunua matamvua, anabonyeza nyama, amemaliza, sensa hana haja nayo. Ningeipeleka stoo za baridi za viwanda, huko unyevu haubadiliki ovyo na usiku hakuna mtu wa kufungua boksi la samaki, ila baridi inapunguza mvuke kwa hivyo sensa ikae ndani ya boksi, sio ukutani. Na anayeuza hizo sensa aanze na kuonyesha usomaji wa boksi la barafu tupu, bila samaki.