Tibet na China: achana na Wamongoli, tuongelee 1912 mpaka 1951

Mjadala wa Tibet ukianza tu, mtu wa upande wa Beijing atakurudisha karne ya 13, kwamba Tibet ni ya China tangu utawala wa Yuan, kesi imeisha. Ngoja kwanza. Yuan walikuwa Wamongoli, waliiteka Tibet na China yenyewe wakaiteka, sasa mtu akituvamia mimi na jirani yangu, jirani anakuaje mwenye nyumba yangu? Beijing wanajibu kwamba Yuan ni moja ya tawala za China na anayerithi utawala anarithi na mipaka yake. Sawa, ila mimi hainishawishi.

Kwenye Qing, utawala wa mwisho wa kifalme China, hapo China wana hoja nzito, na watetezi wa Tibet wanapenda kupapita haraka haraka. 1720 jeshi la mfalme Kangxi liliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kuwatoa Wadzungar, kundi la Wamongoli, baadae wakawekwa waambani, yaani wawakilishi wa mfalme, halafu 1793 mfalme Qianlong akaagiza Dalai Lama mpya, kiongozi mkuu wa Tibet anayeaminika kuwa wa zamani aliyezaliwa upya, achaguliwe kwa kuchota jina kwenye chungu cha dhahabu. Mtu anayekupangia namna ya kumpata kiongozi wako mkuu sio rafiki wa mbali tu. Watibet wanasema ule ulikuwa uhusiano wa lama, yaani mwalimu wa dini ya Kibuddha, na mfadhili wake, tena mfalme mwenyewe Mmanchu, sio Mchina wa Kihan, na kweli Dalai Lama wa 13 alitambuliwa bila hicho chungu.

Ila kwangu mimi utamu uko baada ya Qing kuanguka. 1912 wanajeshi wa China wakafukuzwa Lhasa, 1913 Dalai Lama wa 13 akatoa tangazo ambalo Watibet wanalihesabu kama la uhuru, na kuanzia hapo wana jeshi lao, hela yao, stempu zao, hadi vita kuu ya pili wakakaa pembeni wakati China inapigana. Kivitendo hiyo ni nchi bana. Tatizo hakuna taifa kubwa lililoitambua. Waingereza walikaa nao mezani Simla, India, 1914 ukatoka mkataba China ikaukataa, na Uingereza ikabaki na msimamo wake wa nusu nusu, China ni mkubwa wa jina na Tibet inajiendesha. Jeshi la Mao lilipoingia Chamdo, mashariki mwa Tibet, Oktoba 1950, El Salvador ndo ilipeleka suala UN, likawekwa kiporo.

Linganisha na Mongolia, ilikuwa chini ya Qing hao hao, ikajitoa 1911, nayo ilikuwa na lama juu, ila nyuma yake walikuwepo Warusi, na leo ina kiti UN. Kwa hiyo mtu akiniambia historia ndo iliamua, namuuliza mbona ya Mongolia iliamua tofauti.

Alafu kuna makubaliano ya vipengele 17 ya 1951. China inasema wajumbe wa Tibet walisaini na Dalai Lama wa 14, huyu wa sasa, akatuma telegramu kuyakubali, Watibet wanasema walisaini chini ya vitisho, na 1959 Dalai Lama alivyokimbilia India akayakana.

Ile hoja ya kwamba China iliwakomboa watwana naiweka pembeni. Mashamba ya makabaila na monasteri yenye watu waliofungwa kwenye ardhi yalikuwepo kweli, tusidanganyane, ila Leopold, mfalme wa Ubelgiji, nae aliingia Congo akijinadi kupiga vita utumwa.

Siku hizi Dalai Lama haombi uhuru, anaomba mamlaka ya ndani, ila Beijing wanataka akiri pia kwamba Tibet ilikuwa ya China tangu zamani na hapo anagoma. 2025 akasema taasisi yake ndo itakayomtambua mrithi, Beijing wakajibu kwa chungu kile kile cha 1793 na kwamba lazima serikali ipitishe jina, serikali ya chama kisichoamini Mungu, kupitisha nani amezaliwa upya.